Vidole Kwenye Mwanya: Jinsi ya Kuona Kimiminika Kimoja Kikisukuma Kingine Kati ya Vioo Viwili

Weka maji chini na mafuta ya alizeti juu, mwanafunzi yeyote atakwambia mambo yametulia: kizito chini, chepesi juu. Pindua, maji yawe juu, atakwambia lazima vibadilishane nafasi. Hadi hapo yuko sahihi. Mambo yanageuka pale kimiminika kimoja kinapokuwa kinasukuma kingine ndani ya nafasi nyembamba, iwe ni ufa wa mwamba au uwazi unaobaki kati ya bomba la kisima na ukuta wa shimo. Hapo kizito kinaweza kuwa chini, mahali pake panapostahili, na bado mpaka kati ya viwili hivyo ukachanika kuwa vidole. Vilevile chepesi kinaweza kuwa chini na mpaka ukapanda umenyooka. Vimiminika ni vilevile, vioo ni vilevile. Kinachoamua ni kasi.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulithibitisha hilo kwa macho yako na kuipima kasi yenyewe. Nimewalenga walimu wa fizikia wa kidato cha tano na sita huku Nyanda za Juu Kusini, na wanafunzi wa vyuo kama MUST pale Mbeya au Mkwawa pale Iringa wanaotafuta mradi usiohitaji maabara ya fedha nyingi. Kila kitu kinapatikana kwa fundi vioo, duka la dawa na duka la vyakula. Unahitaji siku moja ya kugundisha na mchana mmoja wa kufanya majaribio.

Kifaa chenyewe ni cha zamani. Mhandisi Mwingereza Henry Selby Hele-Shaw alikitumia mwaka 1898 kuonyesha mistari ya maji yanavyopita pembeni mwa vitu vya maumbo mbalimbali: vioo viwili vilivyokaribiana sana, maji yenye rangi katikati. Uzuri wake ni kwamba kuta mbili zikibana hivyo, kimiminika hakipati nafasi ya kuzunguka na kufanya fujo. Kinaenda kwa kasi inayolingana na nguvu inayokisukuma, sawasawa na maji yanavyopita kwenye mchanga kwa kanuni aliyoieleza Henry Darcy kule Dijon, Ufaransa, mwaka 1856. Kwa hiyo mwanya wa vioo ni mwamba unaoweza kuuona ndani.

Vifaa

Vioo viwili vya dirisha vya sentimita 20 kwa 30, unene wa milimita 5. Fundi atataka kukupa vya milimita 3 kwa sababu ni rahisi na ndivyo anavyokatia madirisha, usikubali. Kioo cha milimita 3 kinapinda kidogo kwa uzito wa maji, na utaona baadaye kwamba kupinda kidogo tu kunavuruga hesabu yote. Mwambie apige msasa kingo zote, kisha kwenye kioo kimoja atoboe tundu la milimita 6, katikati ya upana, sentimita 3 kutoka ukingo wa chini. Mafundi wanaotengeneza milango ya vioo wana kekee ya kazi hiyo. Akikuuliza kama ni ya kufugia samaki, mwache aamini hivyo, utatoka dukani mapema.

Vipande vya kutenganisha vioo. Hapa kuna kitu kizuri ambacho kila nyumba inacho: ile kadi ya plastiki inayobaki ukishabandua laini mpya ya simu. Kadi hizo, pamoja na kadi za benki, zinatengenezwa kwa unene mmoja duniani kote, milimita 0.76. Kusanya kama kumi. Kata vipande vya upana wa sentimita 1, ukikwepa sehemu yenye tundu na yenye maandishi yaliyoinuka.

Silikoni ya vioo, tyubu moja. Vibanio vyeusi vya karatasi, vile vikubwa, kama nane. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli na ubao mwembamba wa sentimita 20.

Dukani kwa dawa: seti moja ya dripu (mpira, kichupa cha matone na gurudumu la kubana), bomba la sindano la mililita 50 au 60, bomba dogo la mililita 10, na sindano chache zenye kitako cha buluu. Rangi hiyo ina maana: sindano ya buluu ina unene wa milimita 0.6, inaingia kwenye mwanya wako. Ya kijani ni milimita 0.8, haiingii. Muuzaji akikupa ya kijani kwa kuwa ndiyo inayotoka sana, rudisha.

Chumvi, rangi ya chakula, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na mafuta ya alizeti. Mwanya wote unabeba chini ya mililita 40, kwa hiyo glasi moja ya mafuta inatosha darasa zima. Mafuta ya kukamua mtaani yanafaa, ila yaache yatulie siku kadhaa kisha uyachuje kwa kitambaa. Mawese ya Kyela yanavutia kwa sababu yana rangi yake tayari. Yaache. Kwenye ubaridi wa Mbeya au Njombe yanaganda nusu, na mafuta yaliyoganda nusu hayafuati kanuni yoyote tutakayoitumia hapa.

Kujenga

Osha vioo kwa sabuni, suuza, futa kwa spiriti. Alama ya kidole iliyobaki ndani itaushika mpaka wa vimiminika, nawe utadhani umegundua jambo.

Laza kioo kisicho na tundu. Panga vipande vya kadi pembeni kulia, kushoto na chini, vikigusana ncha kwa ncha. Juu paache wazi. Funika kwa kioo chenye tundu, bana kwa vibanio, ndipo upake silikoni kwa nje, kwenye mshono, ukiikandamiza iingie hadi igusane na kadi. Watu wengi wanapaka silikoni juu ya kadi kabla ya kufunika, na hapo ndipo mwanya wa 0.76 unapogeuka kuwa 1.0 upande mmoja na 0.8 upande mwingine.

Kata mpira wa dripu mwishoni, uuingize kwenye tundu hadi usawa wa uso wa ndani wa kioo, usichomoze hata kidogo, zungushia silikoni. Acha hadi kesho yake. Silikoni inakauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, hivyo kwenye kiangazi kikavu cha Iringa ipe siku ya pili.

Ikishakauka, chora kwa kalamu ya maka mistari ya mlalo kila sentimita moja, kuanzia chini kwenda juu. Upana wa ndani sasa ni sentimita 18.

Kupima mwanya

Usiruke hatua hii. Simamisha kifaa, bana mpira wa dripu, jaza maji kwa bomba la sindano kutoka juu, ukihesabu mililita, hadi yapande sentimita 20 kutoka ukingo wa ndani wa chini. Gawanya ujazo kwa 18 kisha kwa 20. Kama umetumia mililita 27.4, mwanya wako ni milimita 0.76 kamili. Kama zimeingia 30, mwanya ni 0.83.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo. Lakini urahisi wa kimiminika kupita unafuata mraba wa mwanya: mwanya zidisha mwanya, gawa kwa 12. Kutoka 0.76 hadi 0.83 ni ongezeko la chini ya sehemu moja kwa kumi, ila kasi zako zote zitapanda kwa karibu sehemu moja kwa tano. Andika mwanya wako pembeni ya kioo usisahau.

Jaribio la kwanza: chumvi, ili macho yazoee

Chemsha maji lita mbili, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Huku juu maji yanachemka yakifika nyuzi 94 hivi, na hilo halina shida. Lengo ni kutoa hewa iliyoyeyuka. Maji ya bomba ya Juni yakiingizwa moja kwa moja, yanapopata joto la chumba yanaachia vipovu vidogo vinavyonasa kwenye kioo, na kila kipovu ni kizuizi.

Kwenye lita moja weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kama gramu 5, na rangi ya chakula iliyokolea. Lita nyingine iache bila chumvi. Jaza nusu ya kifaa maji matupu kwa sindano kutoka juu, kisha kutoka kwenye tundu la chini ingiza maji ya chumvi taratibu. Ni mazito zaidi, yatakaa chini na kuyanyanyua yale matupu hadi yafurike juu. Yakifurika, weka kipande cha tyubu juu ya mdomo, weka ubao, bana kwa vibanio. Hakikisha hakuna hewa ndani. Funga gurudumu la dripu.

Weka karatasi nyeupe nyuma ya kioo, dirisha likiwa nyuma ya karatasi. Washa simu irekodi. Geuza kifaa chini juu kwa mwendo mmoja.

Utaona safu ya vidole vyembamba vya rangi vikishuka na vingine visivyo na rangi vikipanda kati yao, vikiwa vimepishana milimita chache tu. Kwa chumvi hiyo tofauti ya uzito ni kama gramu tatu na nusu kwa lita, na vidole vinaweza kushuka kwa milimita moja na nusu hivi kwa sekunde. Ukiweka gramu 35 kwa lita, kama bahari ya Hindi, vitashuka kwa zaidi ya sentimita moja kwa sekunde na hutapata nafasi ya kutazama vizuri. Chumvi kidogo ni bora.

Hapa hakuna mvutano wa uso (nguvu inayobana mpaka kati ya vimiminika visivyochanganyika), maana maji ya chumvi na maji matupu yanachanganyika. Ndiyo sababu vidole ni vyembamba hivyo: hakuna kinachozuia mikunjo midogo isipokuwa kusambaa kwa chumvi na unene wa mwanya wenyewe.

Jaribio la pili: mafuta na maji bila kusukuma

Safisha, kausha. Ingiza maji yenye rangi hadi nusu, kisha mafuta juu yake kwa sindano, polepole, ncha ikigusa kioo. Rangi ya chakula haiingii kwenye mafuta, kwa hiyo mpaka utaonekana wazi. Subiri unyooke. Funga mdomo, geuza.

Safari hii hakuna haraka. Kwa sekunde kadhaa huoni kitu, kisha mpaka unaanza kujikunja, mikunjo mipana, na ndani ya dakika moja au mbili unakuwa vidole vinene vitatu hivi kwenye upana wote wa kioo. Umbali kati ya kidole na kidole ni kama sentimita 6.

Kwa nini 6? Mvutano wa uso unachukia mikunjo midogo na kuinyoosha. Uzito unataka kukunja kila kitu. Mkunjo unaokua haraka kuliko wote una urefu wa karibu mara 11 ya kipeuo cha pili cha mvutano wa uso uliogawanywa kwa tofauti ya densiti zidisha g (mchapuko wa mvutano wa dunia). Mafuta ya alizeti ni mepesi kuliko maji kwa kilo 80 hivi kwa mita ya ujazo, na mvutano kati yake na maji ni kama milinyutoni 25 kwa mita. Piga hesabu, utapata milimita 61.

Angalia ni nini hakimo kwenye hesabu hiyo: unene wa mwanya. Mwambie mwanafunzi abashiri vidole vitakuwaje kwenye mwanya wa nusu yake. Wengi watasema vitakuwa vyembamba nusu. Umbali wao haubadiliki. Vinachelewa tu kukua, mara nne zaidi. Ninapenda swali hili kuliko mengine yote ya jaribio hili kwa sababu linamtenganisha aliyeelewa na aliyekariri.

Nyongeza mbili za haraka. Laza kioo kwa nyuzi 30 kutoka mlalo badala ya kukisimamisha wima: mvuto unaofanya kazi ni nusu, vidole vinaachana hadi sentimita 8 na nusu na vinakawia karibu mara tatu. Au tia matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye maji: mvutano unashuka, vidole vinakuwa vyembamba na vingi. Mafuta yasiyosafishwa yana utomvu wake unaofanya kazi kama sabuni kidogo, kwa hiyo usishangae yakikupa vidole vyembamba kuliko hesabu.

Jaribio la tatu: kusukuma

Hili ndilo tulilolifuata.

Panga hivi: maji ya rangi chini, kina cha sentimita 5, yakiwa yamelifunika tundu. Mafuta juu hadi karibu na mdomo. Mdomo uwe wazi, na kitambaa cha kupokea mafuta yatakayofurika. Mpaka umetulia, kizito chini. Tundika chupa ya maji ya rangi nusu mita au zaidi juu ya kioo, unganisha dripu, toa hewa yote kwenye mpira kabla ya kuunganisha.

Sasa fungua gurudumu kidogo. Maji yanaingia chini, mafuta yanasukumwa juu. Kila sentimita moja ya kupanda inahitaji mililita 1.37 (upana wa 18 zidisha 0.076). Seti nyingi za dripu za watu wazima zinatoa matone 20 kwa mililita. Imeandikwa kwenye mfuko wake, soma. Kwa hiyo matone 55 kwa dakika ni sentimita 2 kwa dakika, na matone 110 ni sentimita 4. Matone yanakusaidia kurekebisha tu. Kipimo chenyewe ni muda wa mpaka kutoka mstari hadi mstari, na hicho unakipata kwenye video ya simu.

Anza na matone 55. Mpaka unapanda umenyooka kabisa. Hata ukigonga kioo ukaukunja, unajinyoosha.

Rudia kwa sentimita 8 kwa dakika. Matone hayahesabiki tena, yanakuwa mkondo. Hapa tumia bomba la sindano la mililita 50, ukisukuma mililita moja kila baada ya sekunde tano na nusu. Baada ya kupanda sentimita chache mpaka unaanza kuvimba mahali viwili vitatu. Vivimbe vinakuwa vidole, kidole kimoja kinawatangulia wenzake, na kikifika juu maji yanatoka mdomoni huku mafuta mengi yamebaki nyuma pembeni. Kizito kilikuwa chini muda wote.

Kinachotokea ni hiki. Maji yanapita kwenye mwanya kwa urahisi, mafuta kwa shida, maana mnato wake ni mara hamsini na zaidi ya ule wa maji. Sehemu ya mpaka iliyotangulia kidogo ina mafuta machache mbele yake ya kusukuma kuliko jirani zake, hivyo inapata njia rahisi, inatangulia zaidi. Hiyo ni hoja ya mnato, na inakua kadiri unavyosukuma haraka. Dhidi yake iko hoja ya uzito: kivimbe cha maji kilichopanda ndani ya mafuta ni nguzo nzito katikati ya wepesi, na uzito wake unakirudisha chini. Hoja hii haijali kasi. Ipo palepale, kilo 80 kwa mita ya ujazo. Kuna kasi moja ambapo hoja hizo zinalingana:

kasi ya ukomo = (mwanya × mwanya ÷ 12) × g × tofauti ya densiti ÷ tofauti ya mnato

Kwa mwanya wa milimita 0.76, g ya 9.8, densiti 80 na mnato wa mafuta wa mara 55 ya maji, unapata milimita 0.7 kwa sekunde. Yaani sentimita 4 kwa dakika.

Kanuni hii haikuzaliwa kwenye mafuta ya petroli, ingawa huko ndiko ilikopata umaarufu. S. Hill aliichapisha mwaka 1952 akishughulika na kiwanda cha sukari, ambako maji yalitumika kuusukuma mchuzi wa sukari utoke kwenye nguzo za mkaa wa mifupa, na yalikuwa yanapenya katikati badala ya kuusukuma wote. Miaka sita baadaye, 1958, Philip Saffman na Geoffrey Taylor waliifanyia kazi kwa vioo vya Hele-Shaw, na tangu hapo vidole hivi vinabeba majina yao. Hill hatajwi sana. Naona si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa tahadhari ya kupima. Ukisukuma kwa sentimita 4 na nusu au 5 kwa dakika, hesabu inasema vidole vipo, macho yanasema havipo. Vyote viwili viko sahihi: karibu na ukomo vidole vinakua polepole mno, mpaka unafika juu kabla havijaonekana. Kwa hiyo ukitafuta ukomo kwa kupandisha kasi kidogo kidogo utaupata juu kuliko ulipo. Njia nzuri ni kuja kutoka upande wa pili. Sukuma kwa nguvu sekunde chache hadi uone vidole vya sentimita moja au mbili, kisha punguza hadi kasi unayotaka kuijaribu na utazame. Vikiendelea kurefuka, uko juu ya ukomo. Vikirudi vyenyewe na mpaka kunyooka, uko chini yake. Jaribio hilo moja, lililofanywa kwa kasi nne au tano tofauti, litakupa ukomo wako kwa uhakika mkubwa kuliko mchana mzima wa kupandisha gurudumu la dripu.

Ukishaupata ukomo, geuza kanuni: mwanya unaujua, densiti unaipima kwa mizani na bomba la sindano, kilichobaki ni mnato. Umepima mnato wa mafuta bila kifaa cha kupimia mnato. Fanya asubuhi ya baridi na mchana wa joto uone tofauti. Mafuta ya alizeti yaliyo kwenye nyuzi 15 yananata karibu mara mbili ya yaliyo kwenye nyuzi 30, na ukomo unashuka kwa kiasi hichohicho. Mwalimu wa Njombe na mwalimu wa Kyela wakitumia dumu moja la mafuta na vioo vinavyofanana watapata majibu tofauti, na wote watakuwa wamefanya kazi safi. Weka kipimajoto pembeni.

Kinyume chake

Jaribio hili fanya mwisho, mkono ukiwa umeshazoea. Mafuta yawe kwenye bomba kubwa la sindano, maji yajae kwenye kioo. Sasa chepesi kinaingia chini ya kizito, hali ambayo jaribio la pili lilionyesha kuwa haitulii. Usisite tangu mwanzo: sukuma mililita moja kila sekunde nne au tano bila kusimama. Kwa kuwa mafuta yanaingilia kwenye tundu moja, yatavimba kwanza kama nusu duara, kisha yatatanuka hadi kingo zote mbili, na kuanzia hapo mpaka utapanda karibu umenyooka, mafuta chini, maji juu.

Acha kusukuma. Ndani ya nusu dakika mpaka unaanza kukunjika, na mafuta yanapanda kwa vidole.

Ni kasi ileile ya ukomo, upande wake umegeuka tu. Safari hii kinachonata ndicho kinachosukuma, hivyo mnato unanyoosha na uzito unakunja. Chini ya sentimita 4 kwa dakika uzito unashinda, juu yake mnato unashinda.

Mpaka ukipanda kimshazari

Mara nyingi utakuta mpaka haukunjiki, ila upande mmoja unatangulia moja kwa moja, kulia au kushoto, kila mara upande uleule. Hicho si kidole. Mwanya wako ni mpana upande huo. Kaza vibanio vya upande huo, au ubadilishe kipande cha kadi chenye maandishi yaliyoinuka. Ukitaka kuhakikisha, geuza kioo nyuma mbele: kidole cha kweli hakina upande kinaoupenda.

Kasoro hii ndiyo inayowasumbua wachimbaji wa visima virefu. Bomba likishashushwa, saruji ya majimaji inasukumwa ipande kwenye uwazi mwembamba kati ya bomba na mwamba, ikiondoa tope la kuchimbia. Saruji ni nzito kuliko tope na kwa kawaida inanata zaidi, nayo inatoka chini: hoja zote mbili ziko upande wake, na kwa hesabu ya juu juu ingepanda imenyooka daima. Lakini bomba halikai katikati ya shimo. Upande mmoja uwazi ni mpana, mwingine ni mwembamba, na kwa sababu ya ule mraba wa mwanya, saruji inakimbilia upande mpana na kuliacha tope limesimama upande mwembamba. Tope hilo likikauka ni njia ya maji au gesi kupanda. Ndiyo maana bomba huvalishwa vishikizi vya kuliweka katikati. Visima vya jotoardhi, kama vya mradi wa kule Ngozi, mkoani Mbeya, vina sababu ya ziada ya kuogopa hilo, kwa kuwa maji yaliyonaswa nyuma ya bomba yakipata joto kali yanatanuka na yanaweza kulibonyeza bomba ndani.

Walio jirani na Kyejo, Rungwe, ambako gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini na kuvunwa, wana mradi mwingine wa kioo hikihiki: maji yaliyoyeyusha gesi hiyo yanakuwa mazito kidogo kuliko maji matupu, na yanashuka kwa vidole vyembamba vya aina ya jaribio la kwanza. Huo unahitaji rangi inayobadilika kwa asidi, na mwongozo wake peke yake.

Kusafisha

Mafuta yasilale ndani ya kioo usiku. Yamwage, pitisha maji ya moto kiasi yenye sabuni mara tatu, kisha maji matupu hadi povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki itakubadilishia mvutano wa uso kwenye jaribio lijalo. Maliza kwa spiriti kidogo, simamisha mdomo ukiwa chini. Sindano ziingie kwenye kopo gumu lenye mfuniko, zisitupwe kwenye ndoo ya taka ya darasa.